Kichwa na Mkia Hufika Pamoja

Mteja akipanda ngazi zetu na kuuliza bei ya fasti klasi, Mama Tiketi hakumtajia bei. Alimwambia akae kwanza. Ofisini mwake mlikuwa na benchi la mbao, kiti kimoja chenye mto, na kile kiti chake mwenyewe cha mikono miwili, kilichochanika ngozi upande wa kushoto. Alimkalisha mteja kwenye benchi akamwambia, "Hii ni ikonomi. Umesikia magoti?" Akamhamishia kwenye kiti chenye mto. "Hii ni biznes. Nyoosha miguu. Lala kama unataka." Kisha akanyanyuka, akamwachia kiti chake mwenyewe, na mteja alipokwisha kutulia akavuta leso iliyotundikwa kwenye kamba, ile iliyoficha jiko la gesi, mswala na ndoo ya maji. Leso ikapita katikati ya mteja na ofisi nzima. Kutoka upande wa pili sauti yake ikasikika: "Na hiyo ndiyo fasti. Sasa niambie, kilichoongezeka ni nini?"

Nimewahi kumsikia daktari mzima, mtu wa tai na miwani, akijibu kutoka nyuma ya leso kwa unyonge, "Pazia, mama."

"Haya. Kama unataka kununua pazia, nitakuandikia. Mimi natafuta kalamu."

Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Chumba changu na ofisi yake vilitazamana kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, katika jengo lililo nyuma ya kituo cha basi hapa Kisumu. Mlango wake ulikuwa wazi na wangu ulikuwa wazi, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilisikia kila neno. Wateja wake walikuwa wangu, kwa sababu anayetaka tiketi hutaka pasipoti, na anayetaka pasipoti hutaka picha. Yeye aliniita Picha. Mimi nilimwita Mama Tiketi kama mji mzima ulivyomwita. Jina lake la kweli nalijua, lakini nikiliandika hapa hata wanawe watauliza ni nani huyo. Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake nayaacha kwa wenye kuyajua. Nilichojua mimi ni kwamba alikuwa Mwislamu wa hapahapa mjini, anayekaa mtaa wa Manyatta, na kwamba akikasirika aligombeza kwa Kiswahili, na akikasirika sana alihamia Dholuo.

"Biznes unalala, fasti unalala," alikuwa akisema. "Ukishalala, utajuaje umelala wapi?" Hiyo ilikuwa hoja yake kuu na sijamsikia mtu akiipangua. Alikuwa na ramani za viti vya ndege kubwa zote, zimevalishwa nailoni, na alizijua kama mama mboga anavyojua mafungu yake. Alijua kiti kilicho karibu na choo, alijua kiti kisicholala hata ukisukuma kwa mgongo. Akitakiwa aeleze kwa haki ni nini anachopata mtu wa fasti ambacho wa biznes hapati, alihesabu kwa vidole: mlango wa kufunga, pajama za bure, chakula saa yoyote utakayoitisha, na choo kikubwa kidogo. Halafu alivikunja vidole kimoja kimoja. Pajama unazo nyumbani. Kula saa yoyote ni tabia mbaya. Na hicho choo, unataka kukaa humo mpaka lini?

Watu walidhani anaongea hivyo kwa sababu hana wateja wenye uwezo. Walikuwepo. Kulikuwa na tajiri mmoja wa samaki, aliyekuwa akiwauzia watu wa Asia vibofu vya mbuta. Alikuja na saa ya dhahabu na viatu visivyojua vumbi, akasema, "Mama, nipe fasti. Mimi si mtu wa kubanwa na watu."

"Unataka kuonekana au kujificha?" akamuuliza.

"Kuonekana? Mimi ni mtu naonekana tayari."

"Basi sikiliza, bwana. Ukikaa biznes, wale wa ikonomi wote wanakupita ukiwa umekaa na juisi mkononi. Hata yule jirani yenu wa nyumbani atakupita na mzigo kichwani akuone. Kwa fasti mlango umefungwa. Nani atakuona? Unalipa mara mbili ujifiche kama kuku ameatamia?"

Tajiri alifikiri sana. Nilimwona akiigeuza ile saa mkononi. Mwishowe akasema, "Nipe biznes. Lakini ile seti ya kando ya njia." Mama Tiketi alipoteza faida kubwa siku ile, na alicheka mpaka mvua ya saa kumi ikaanza.

Biznes yenyewe ilikuwa na kesi zake. Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwa letu, alipanda ngazi akihema, mkononi ana karatasi aliyotumiwa na watoto wake walioko Amerika. Alikuwa karibu kulia. "Hawa watoto wameniharibia," akasema. "Wameandika biznes. Mimi siendi biznes yoyote, naenda kuona mtoto wa mtoto. Omena nimeachia jirani. Sasa nikifika huko waniulize, mama, biznes yako iko wapi, nitasema nini?"

Mimi kwangu nilikuwa nimeshaziba mdomo kwa kitambaa cha kamera. Mama Tiketi hakucheka hata kidogo. Alimkalisha kwenye kiti chenye mto, akampa maji, akamwambia, "Wakikuuliza, waambie biashara yako ni mjukuu. Na ukiletewa kitambaa cha moto, hicho ni cha kupangusa uso. Usikile." Yule mama alirudi baada ya miezi mitatu na hicho kitambaa kwenye mkoba, amekileta kama ushahidi. Kilibaki ofisini, kikawa cha kupangusia ile ndege ya plastiki juu ya meza, iliyovunjika bawa moja na kufungwa plasta ya hospitali.

Kabla ya bei, kabla ya tarehe, Mama Tiketi aliuliza swali moja: "Unaenda kufanya nini?" Sitasema hapakuwa na umbea ndani yake. Umbea ulikuwepo, tena wa kutosha korido nzima. Lakini alikuwa akisema, "Nisipojua unaenda kufanya nini, nitakuuziaje kiti?" Anayekwenda kuzika alimpa kiti cha kando, atoke bila kuwaomba watu njia na macho yake mekundu. Mwanafunzi anayekwenda kusoma alimpa dirisha, aone ziwa mara ya mwisho. Na wale wasichana waliokuwa wakienda kufanya kazi za nyumba Uarabuni, waliopangiwa safu za mwisho kabisa na kuona aibu wakisikia wenzao wakitaja biznes, hao aliwasindikiza mpaka juu ya ngazi. Aliwaambia, "Ndege ni moja, mwanangu. Kichwa na mkia hufika pamoja." Nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko nilivyosikia mahubiri, na sijalichoka.

Sasa niseme mabaya yake, maana mtu asiye na mabaya ni picha ya kampeni. Alikuwa na hasira za karibu. Aliwahubiria wateja subira, na yeye kwenye foleni ya maji alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Alinikataza sukari kwa ajili ya presha yangu, na droo yake ya juu ilijaa peremende alizokula akidhani simuoni. Nilimwona. Mwezi wa Ramadhani, yeye amefunga na sisi wengine wa korido tumekula mchana kama kawaida, alitupikia kaimati za magharibi na kutununia tukichelewa kuzila. "Mnanifanya nini, nyinyi watu? Mimi nimeshinda na njaa, na nyinyi ndio mnaringa?"

Na kubwa zaidi: hakuwa amewahi kupanda ndege. Mwanamke aliyejua choo cha ndege kiko safu ya ngapi hakuwa amekanyaga hata ya kwenda Nairobi, dakika arobaini tu kutoka hapa. Nilimtania bila huruma. Nilimwita mpishi asiyeonja. Siku moja nilichukua bahasha ya khaki, nikaandika juu yake *Mama Tiketi, picha nne*, nikaitundika kwenye msumari mlangoni mwangu, pale ninapotundika picha zinazosubiri wenyewe. Nikamwambia bahasha inamngoja. Aliitazama, akasema, "Iache hapo ikule vumbi," akarudi ofisini mwake na kuvuta leso. Nilidhani anaogopa kwenda juu. Alikuwa akishuka ngazi ameshika ukuta, kwa hiyo nilijiona nimeelewa kila kitu.

Sikuwa nimeelewa, na ili nawe uelewe lazima niseme jambo moja kuhusu ulimi wetu. Waandishi wanasema daraja la kwanza. Huku kwetu ukisema daraja mtu atakuuliza la wapi, la Sondu au la Ahero. Kwa hiyo tunasema fasti. Na kwa ulimi wa huku, ile *kwanza* ya Kizungu na ile *haraka* ya Kizungu zote mbili hutoka mdomoni zikiwa fasti. Aliyetangulia ni fasti, na mwenye mbio ni fasti. Kwa kawaida haidhuru, kwa sababu mwenye mbio ndiye hutangulia.

Siku aliyofunga ofisi, miaka minne iliyopita, nilimsaidia kushusha vitu. Hapakuwa na ugomvi na mtu, ni simu tu. Watu walikuwa wakinunua tiketi wakiwa kitandani, na simu haiulizi unaenda kufanya nini. Tulishusha benchi, tukashusha kiti chenye mto. Alipofika kwenye droo ya chini kabisa alitoa barua moja yenye muhuri, akanipa niisome. Ilikuwa ya kampuni moja ya ndege. Ilisema amezawadiwa tiketi moja ya bure, ikonomi, kwenda popote wanakoruka, itumike ndani ya mwaka mmoja. Mwaka wenyewe ulikuwa umepita zamani.

"Mama," nikasema, "ulikuwa na tiketi ya bure na hukwenda?"

Alikaa kwenye kiti chake cha mikono, kilichokuwa kimebaki peke yake katikati ya chumba. "Walisema ukiuza tatu za fasti ndani ya mwezi, unapata hiyo," akaniambia. "Mbili niliuza kwa watu waliong'ang'ania wenyewe, unajua mimi sisukumi. Ya tatu nilikosa, na mwezi umebaki siku mbili. Nilikuwa nataka kwenda Makka, Picha. Nilitaka mpaka nikaota. Halafu akaja jaduong' mmoja wa Kisian mwenye kofia. Wewe ndiye ulimpiga picha za visa."

Nilimkumbuka mzee huyo palepale. Nilimwambia avue kofia kwa sababu serikali inataka kuona nywele, akanijibu kwamba serikali ingekuja mapema, wakati nywele zilikuwepo.

"Nilimuuliza anaenda kufanya nini," Mama Tiketi akaendelea. "Akasema, 'Binti yangu anapasuliwa Alhamisi ndio mtoto atoke. Ako huko Uingereza peke yake. Nataka kufika kabla hawajamwingiza. Mama, nipe fasti.' Nilijua, Picha. Wallahi nilijua anamaanisha haraka. Alidhani kuna tiketi inayofika mbele ya nyingine. Na lile neno langu lilikuwa hapa." Akajigusa koo. "Kichwa na mkia hufika pamoja. Neno nimemwambia kila mtoto wa watu. Nikalimeza. Nikamwandikia fasti. Jaduong' aliuza ng'ombe na miti yake yote ya mikaratusi, akakae kwenye ndege ileile ambayo angekaa nyuma."

"Alifika?"

"Sijui. Hakurudi. Sijui kama alimkuta binti yake, sijui kama binti mwenyewe yuko. Barua ilipokuja niliiweka hapo chini. Nitakwendaje nyumba ya Mungu kwenye kiti cha jaduong'?" Aliichukua barua kutoka mkononi mwangu na kuikunja. "Nikipita Kisian huwa naangalia upande wa ziwa."

Nilitaka kumwambia kwamba ni jambo dogo, watu wanafanya makubwa kuliko hayo na wanalala usingizi. Sikuweza, kwa sababu kwake halikuwa dogo, na mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemtundikia kidonda chake msumarini, nikiongeza na maandishi. Nilimwonea huruma na nilijionea aibu. Jioni ile nilitaka kuitoa bahasha, nikaona nikiitoa, siku atakapopita kunisalimu atajua nimeitoa. Ikabaki.

Desemba iliyopita, asubuhi ya joto, ngazi zikalia polepole na mzee akaingia kwangu akiwa na msichana mrefu wa miaka kama kumi na sita mwenye viatu vya rangi tatu. Kofia niliijua kabla ya uso. Ilikuwa imechakaa ukingo, na yeye alikuwa amekonda, lakini alinisalimu kwa sauti ya mtu mwenye boma lake. Alisema huyu ni mjukuu wake, amekuja na mama yake kutembea, na sasa mama yake anataka apate pasipoti ya hapa pia. Nilimkalisha msichana kwenye stuli. Mikono yangu ilikuwa ikifanya kazi bila mimi. Nikachukua bahasha, nikamuuliza jina.

Alianza kutaja jina refu la Kizungu. Babu yake akapunga mkono. "Hiyo ni ya shule. Wewe andika Fasti."

"Fasti?"

"Eh. Si unajua sisi. Mwenye alizaliwa usiku ni Atieno, mwenye alizaliwa mvua ikinyesha ni Akoth. Huyu alizaliwa kwa fasti, akawa Fasti. Kijiji yote inamwita hivyo."

Nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kukiwa na maandamano. Nilimwambia jaduong' kuna mtu Manyatta lazima amwone, na yeye, kwa kuwa ni mzee wa adabu, hakuuliza ni nani mpaka tulipokuwa tumeshapanda tuktuk. Nilipomwambia ni yule mama aliyemuuzia tiketi, akasema, "Ako hai? Twende basi. Sikumwambia asante."

Mama Tiketi alikuwa mlangoni kwake akichambua mchele kwenye sinia. Magoti yamemchosha siku hizi, hasimami kwa urahisi. Aliona kofia ikiinama kupita mlango wa uani, akasimama, mchele ukamwagika, akakaa tena.

"Jaduong'," akasema. Hakusalimu, yeye ambaye salamu zake zilikuwa ndefu kuliko tiketi. "Binti yako?"

"Ako. Ameenda sokoni kutafuta mbuta, anasema ya huko haina ladha. Huyu ndio mtoto wake."

Mama Tiketi alimtazama msichana kuanzia viatu mpaka nywele. Kisha akafanya kitu ambacho mimi, nakiri, nisingekifanya. Habari njema ilikuwa imeshamfikia, angeweza kuinyamazia na kupika chai. Badala yake alisema, "Kaa, jaduong', nikwambie. Siku ile ulitaka haraka. Mimi nilikuuzia kiti cha mbele. Ndege ni moja. Hata ungekaa kwa mkia ungefika dakika hiyohiyo, na ng'ombe wako wangekuwa zizini. Nilijua hivyo na sikukwambia. Kulikuwa na tiketi ya bure, niliitaka."

Mzee akakaa. Aliondoa kofia akaiweka gotini, na kweli, serikali ilikuwa imechelewa.

"Mama, sikia," akasema. "Hiyo ndege ya kutoka Nairobi ilichelewa. Tumefika kule kwa Waarabu, mahali pa kubadilisha, ile ingine inataka kuondoka. Mimi sijui kusoma zile mbao zao. Mlango kufunguka, mimi ndio wa kwanza kutoka. Nikakuta msichana amesimama na karatasi, ameandika jina yangu. Jina yangu, mama! Akaniita Baba. Akaniweka kwa kagari kadogo, tukaenda, tukaenda, tukapita watu. Nikaingia, mlango ukafungwa nyuma yangu. Wale wa nyuma niliwaacha wamepanga laini. Nilisikia walilala hapo siku mbili."

"Na wale wa biznes?" Mama Tiketi akauliza. Hakuweza kujizuia. Kazi ni kazi.

"Wa biznes sijui. Sikuangalia nyuma." Mzee aligeuza kofia yake. "Nilifika hospitali nikakuta binti ako na nguo zake bado, hawajamwingiza. Nikamshika mkono mpaka kwa mlango. Mama, huyo binti, mamake alikufa siku anamzaa. Mimi nilikuwa Sondu, nimepeleka mtama sokoni. Nilirudi nikakuta wameshamfunika. Nilisema hiyo kitu haitanipata mara mbili."

Yule msichana, ambaye sidhani alielewa nusu ya maneno, alipiga magoti na kuanza kuokota mchele uliomwagika, punje kwa punje, kama alivyofunzwa na mtu.

"Lakini mimi sikuyajua hayo," Mama Tiketi akasema. "Hiyo ni Mungu alikusaidia, si mimi. Wewe uliniambia fasti ya haraka. Mimi nikakupa fasti ya mbele."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akamrudia yeye. "Kwani hiyo ni maneno mbili?" akauliza.

Mama Tiketi alianza kucheka. Alicheka mpaka leso ikamfunika uso, na chini ya leso nadhani kicheko kiligeuka, kwa sababu mabega yaliendelea muda mrefu baada ya sauti kuisha. Mimi mwenyewe niliangalia ukuta. Sijui ni lini nilikuwa na furaha namna ile.

"Hiyo ya bure," mzee akasema alipoona ametulia, "ulitaka kuenda nayo wapi?"

"Makka."

"Ulienda?"

"Sikwenda."

"Tangu huyu mtoto azaliwe?"

"Tangu azaliwe."

Jaduong' akavaa kofia yake, akaisawazisha kwa mikono miwili. "Basi wewe ndio umechelewa, mama," akasema. "Enda fasti."

Jumatatu iliyofuata nilisikia ngazi zikilia, hatua moja, pumziko, hatua moja, pumziko. Alisimama mlangoni mwangu akahema, akaitoa bahasha kwenye msumari, akaipuliza vumbi usoni mwangu. "Nipige," akasema. Wanawe na yeye walikuwa wameshapanga, anakwenda Umra baada ya mvua. Nilimsaidia kukaa kwenye stuli, nikamnyoosha ushungi, nikamweleza masharti ambayo aliyasikia kupitia mlango huu kwa miaka ishirini: atazame mbele, kidevu chini kidogo, na asicheke. Pasipoti haitaki meno.

"Na umechukua klasi gani?" nikamuuliza ili atulie. "Biznes?"

"Biznes ni ya wenye biashara. Ikonomi, safu ya mwisho, dirishani. Kichwa na mkia hufika pamoja."

"Lakini kichwa hutoka kwanza, mama. Jaduong' ametufundisha."

"Picha, nimengoja miaka kumi na sita," akasema. "Nusu saa ya mlangoni itanifanya nini?" Na hapo akacheka, na picha ya kwanza ikaharibika.

Ya pili ikaharibika vilevile. Kila nilipoinua kamera alifunga mdomo, akahesabu mpaka mbili, na meno yakatoka. Ya nane ndiyo iliyokubalika, uso mkavu kama wa askari wa forodha, nikamchapishia nne akaondoka nazo. Zile saba za kucheka hazifai kwa serikali. Nimezitia kwenye bahasha yake na kuirudisha msumarini.